Ford, Toyota au Zara: Kiwanda Chako Kiendeshwe kwa Njia Ipi?

Mwenye kiwanda anayeketi na mhasibu wake kupanga bajeti ya mwaka huwa na majibu tayari kuhusu mauzo, mikopo na kodi. Akiulizwa kwa nini mkupuo mmoja wa bidhaa yake, yaani kiasi kinachotengenezwa kwa mara moja, ni katoni 2,000 na si 500, mara nyingi husema hilo ni la meneja uzalishaji. Mwaka 1969 Wickham Skinner, profesa wa Harvard, aliwakosoa wakuu wa makampuni ya Marekani kwa kosa hilo hilo: walikuwa wamewaachia wahandisi maamuzi ya kiwandani kana kwamba ni mambo ya kiufundi matupu, ilhali maamuzi hayo ndiyo yanayoweka mipaka ya kile kampuni inachoweza kumwahidi mteja. Kiwanda kilichopangwa kutoa bidhaa moja kwa gharama ya chini kabisa hakiwezi kuamka Jumatatu kikatoa aina 40 kwa siku 3, hata kama meneja masoko ameshasaini mkataba.

Ulinganisho huu unaweka bega kwa bega njia tatu za kuendesha uzalishaji, kila moja ikiitwa kwa jina la kampuni iliyoipa umbo: Ford, Toyota na Zara. Ninayemlenga ni mmiliki au meneja wa kiwanda cha ukubwa wa kati katika Afrika Mashariki, chenye wafanyakazi kati ya 30 na 200, kinachotengeneza sabuni, sare, samani, vyakula au vifungashio. Njia hizi sitazigawia nafasi sawa. Nitakaa zaidi kwenye ya Toyota, kwa sababu ndiyo inayotajwa sana katika semina na kueleweka kidogo sakafuni mwa kiwanda.

Njia ya Ford: bidhaa moja, bei ya chini

Gari la Model T lilipoingia sokoni mwaka 1908 liliuzwa kwa takriban dola 850. Kufikia 1925 toleo lake la bei nafuu zaidi liliuzwa kwa dola 260. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na namna kazi ilivyopangwa. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, wahandisi wa Henry Ford waliacha kuwatuma mafundi walifuate gari, wakaanza kulivuta gari lipite mbele ya mafundi, kila mmoja akiwa na kazi ndogo isiyobadilika. Kuunganisha fremu ya gari moja, kazi iliyochukua zaidi ya saa 12, kulishuka hadi kama saa moja na nusu mwaka uliofuata.

Nguvu ya njia hii imo katika hesabu ya kugawanya. Kiwanda chenye gharama zisizobadilika za shilingi milioni 60 kwa mwezi, yaani kodi ya jengo, mikopo ya mitambo na mishahara ya kudumu, kikitoa vipande 100,000, kila kipande hubeba shilingi 600 za gharama hizo. Kikitoa vipande 50,000, kila kimoja hubeba shilingi 1,200. Kwa hiyo anayechagua njia ya Ford amechagua pia kwamba mtambo wake hausimami, soko lake ni kubwa na linatabirika, na bidhaa yake haibadiliki mara kwa mara. Saruji, sukari, unga wa ngano, mabati na maji ya chupa ni bidhaa za namna hiyo: mnunuzi huuliza bei, na huuliza kama mzigo upo.

Udhaifu wake umefichwa ndani ya nguvu yake. Ford alitengeneza zaidi ya Model T milioni 15, na kwa takriban miaka 11, kuanzia 1914, zilitoka kiwandani kwa rangi nyeusi tu. General Motors chini ya Alfred Sloan ilipoanza kuwapangia wanunuzi magari ya ngazi na bei tofauti, mitambo ya Ford, ambayo ilikuwa imechongwa kwa ajili ya gari moja, haikuweza kufuata. Mwaka 1927 kampuni ililazimika kusimamisha uzalishaji kwa miezi kadhaa ili kuandaa Model A, na mwaka huo Chevrolet, chapa ya General Motors, ikauza magari mengi kuliko Ford. Anayefikiria kukopa benki anunue kinu kikubwa kwa matumaini ya soko la nchi tatu jirani aitazame hesabu ya shilingi 600 na 1,200 kabla ya kutazama picha za kinu, kwa sababu mkopo wa mtambo hulipwa hata mwezi ambao mpaka umefungwa au mpinzani ameshusha bei.

Njia ya Toyota: kidogo kidogo, bila kupitisha kosa

Mwaka 1950 Eiji Toyoda wa kampuni ya Toyota alitembelea kiwanda kikubwa cha Ford cha River Rouge, Marekani. Nyumbani kwake Japani soko lilikuwa dogo, wateja walitaka aina nyingi za magari kwa idadi ndogo, na fedha hazikuwepo: mwaka huo huo kampuni ilitikiswa na mgomo, wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi, na mwanzilishi Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Soko dogo, mtaji haba na aina nyingi ni hali inayofanana na yetu kuliko ilivyofanana na Detroit, kitovu cha magari cha Marekani, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuichukulia njia hii kwa uzito. Toyota haikuwa na uwezo wa kununua mitambo maalumu kwa kila aina ya gari, wala wa kujaza maghala vipuri vinavyosubiri.

Mhandisi Taiichi Ohno alijenga mfumo juu ya mihimili miwili. Wa kwanza ulikuwa wa zamani kuliko magari ya Toyota yenyewe: mashine ya kufumia vitambaa ambayo Sakichi Toyoda, baba yake Kiichiro, aliikamilisha mwaka 1924 ilisimama yenyewe uzi ulipokatika, kwa hiyo haikuendelea kufuma kitambaa kibovu. Wa pili ulikuwa kutengeneza kinachohitajika tu, wakati kinapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika. Ohno alilichukua wazo hilo kutoka maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa tena baada ya mteja kuchukua bidhaa. Kadi iitwayo kanban ilikwenda hatua ya nyuma kuomba vipuri vipya pale tu vya awali vilipotumika, hivyo kila hatua ilivuta kutoka nyuma badala ya kusukuma mbele.

Lakini kadi hazifanyi kazi kama mikupuo ni mikubwa, na hapa ndipo wengi wanaoiga hupotea. Mwaka 1913, mwaka ule ule wa mkanda wa Highland Park, mhandisi Mmarekani aitwaye Ford Whitman Harris, asiye na undugu na Henry, alichapisha kanuni ya kutafuta ukubwa wa mkupuo wenye gharama ndogo. Kanuni hiyo hupima mambo mawili yanayovutana: gharama ya kubadilisha mtambo kutoka bidhaa moja kwenda nyingine, ambayo hukusukuma utengeneze mengi kwa mara moja, na gharama ya kuhifadhi, ambayo hukusukuma utengeneze machache. Vitabu vilifundisha kanuni hiyo kwa miongo mingi huku gharama ya kubadilisha mtambo ikichukuliwa kama imeshuka kutoka mbinguni. Toyota ilikataa kuichukulia hivyo. Pamoja na mshauri Shigeo Shingo, ilipunguza muda wa kubadilisha kalibu katika mitambo mikubwa ya kubana mabati kutoka saa kadhaa hadi chini ya dakika 10. Kwa mujibu wa kanuni ile ile ya Harris, gharama ya kubadilisha ikishuka hadi robo, mkupuo unaofaa hushuka hadi nusu. Ikishuka hadi sehemu moja ya mia, mkupuo hushuka hadi sehemu moja ya kumi.

Mbinu yenyewe haihitaji mtambo mpya. Hutenganisha kazi zinazoweza kufanywa mtambo ukiwa bado unazunguka, kama vile kuleta kalibu inayofuata, kuipasha moto, kupanga spana na kupima rangi, na zile zinazolazimu mtambo usimame. Aliyewahi kuangalia mafundi wakibadilisha kalibu ya plastiki atakuwa ameona nusu saa ikiishia kwenye kutafuta funguo, kumsubiri mwenye stoo na kufungua nati ndefu ambazo zingetosha kuwa fupi.

Hesabu ya mashati

Ili tofauti kati ya njia mbili hizi isibaki maneno, chukua karakana ya kushona sare za shule yenye hatua nne: kukata, kushona, kutia vifungo na kupiga pasi. Tuseme kila hatua inachukua dakika moja kwa shati, na oda ni mashati 100. Kwa njia ya mikupuo, mkataji hukata yote 100 kwanza, kisha bunda zima huhamia kwa mshonaji, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Shati la kwanza lililokamilika hutoka dakika ya 301, na la mwisho dakika ya 400. Kwa njia ya kupitisha shati moja moja, la kwanza hutoka dakika ya 4 na la mwisho dakika ya 103. Watu ni wale wale, vyerehani ni vile vile, na jasho la kila mmoja kwa kila shati ni lile lile.

Tofauti ya pili ina uzito zaidi. Tuseme kiolezo cha mkono kimekatwa vibaya, na kosa hilo haliwezi kuonekana mpaka vifungo vinapotiwa. Kwa mikupuo, mtia vifungo anapogusa shati la kwanza dakika 200 zimeshapita, na mkataji, ambaye ameendelea na oda inayofuata kwa kiolezo hicho hicho, ameharibu vipande 200. Kwa kupitisha moja moja, kosa huonekana katika dakika ya tatu na vipande vilivyoharibika havizidi vitatu. Ndiyo maana Toyota husisitiza ubora na mikupuo midogo kwa pamoja, kwa kuwa bunda kubwa ni mahali pazuri pa kosa kujificha.

Kinachofanya hesabu hii isiwe nyepesi hivyo katika maisha halisi ni kwamba hatua hazilingani. Kama kushona kunachukua dakika 4 na kukata dakika 1, mkataji atakaa bure au atarundika. Mashati yatatoka kwa mwendo wa hatua iliyo polepole kuliko zote, na kazi ya meneja ni kuigawa hatua hiyo, kuongeza mshonaji hapo, au kumfundisha mkataji kushona. Kununua mashine ya kukatia yenye kasi zaidi, ambayo mara nyingi ndiyo muuzaji wa mashine anayokuja kuisifia, hakuongezi hata shati moja kwa siku.

Njia ya Zara: kumfuata mteja kabla hajabadili mawazo

Zara ilifungua duka lake la kwanza A Coruña, Hispania, mwaka 1975, na Inditex, kampuni inayoimiliki, ilijenga uzalishaji wake juu ya kasi. Wakati washindani waliagiza nguo Asia miezi kadhaa kabla ya msimu, Zara ilishonesha sehemu kubwa ya nguo zake za mitindo karibu na makao yake ya Arteixo: Hispania kwenyewe, Ureno, Moroko na Uturuki. Mtindo mpya uliweza kutoka kwenye ubao wa msanifu hadi dukani kwa wiki chache, na maduka hupokea mzigo mara mbili kwa wiki. Kitambaa kingi hununuliwa kikiwa hakijatiwa rangi, na rangi huamuliwa baada ya maduka kueleza kinachouzika.

Njia hii ni ghali kwa kila nguo, kwa kuwa mshonaji wa Galicia, eneo la Hispania ilipo Arteixo, hulipwa zaidi ya wa Dhaka, Bangladesh. Faida hupatikana kwingine: nguo chache hubaki mwisho wa msimu zikisubiri kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo anayelinganisha bei ya kushona peke yake hataiona sababu ya Zara kuwepo. Tena Inditex yenyewe haiitumii kwa kila kitu, kwa maana fulana za kawaida, ambazo mauzo yake yanatabirika, huagizwa mbali na mapema, kwa bei nafuu.

Kwetu, njia hii inawafaa wachapishaji, watengeneza samani za oda, washonaji wa sare za makampuni na za sherehe, na wanaotengeneza mabango na vifungashio vyenye nembo ya mteja. Sharti lake ni uwezo wa ziada. Karakana iliyojaa oda kwa asilimia 100 haiwezi kupokea oda ya haraka bila kuvunja ahadi nyingine, na mmiliki asiyevumilia kuona mashine moja ikipumzika Jumanne hana haja ya kujaribu njia hii.

Fedha zilizolala ghalani

Kwa upande wa mtaji, njia tatu hizi hazifanani hata kidogo. Ford hufunga fedha katika mitambo, Zara hufunga fedha katika uwezo unaosubiri, na Toyota hujaribu kufunga kidogo kila mahali, na bei yake ni nidhamu. Hesabu ya ghala ni rahisi na wachache huifanya. Kiwanda kinachotumia malighafi ya shilingi milioni 10 kwa wiki na kuweka akiba ya wiki 8 kimelaza shilingi milioni 80. Ikiwa fedha hizo ni za mkopo wenye riba ya asilimia 18, akiba hiyo inagharimu shilingi milioni 14.4 kwa mwaka kabla ya panya, unyevu na wizi.

Msomaji anayeishia hapa anaweza kukimbilia kuondoa akiba yote, na hapo ndipo naomba asimame. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin huko Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani zilizotumika katika magari ya Toyota. Toyota ilikuwa na akiba ya saa chache tu, na viwanda vyake nchini Japani vikasimama. Vilirudi kazini baada ya takriban wiki moja kwa sababu makampuni mengi ya jirani, mengine hayajawahi kutengeneza vali, yaligeuza mitambo yao kusaidia. Baada ya tetemeko la Machi 2011 kampuni ilifika mbali zaidi, ikawataka wasambazaji wa vipuri fulani vya kielektroniki kuweka akiba ya miezi kadhaa. Uhaba wa chipu ulipoanza kuwabana watengenezaji wa magari mwanzoni mwa 2021, Toyota iliendelea kuzalisha kwa miezi kadhaa kabla nayo haijapunguza baadaye mwaka huo.

Kiwanda cha Mbagala au cha Athi River hakina majirani wa aina ya Kariya. Malighafi yake nyingi hupita bandari ya Dar es Salaam au ya Mombasa, na meli zinaweza kuchelewa kwa sababu zisizohusiana nacho. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipoanza, meli nyingi zilizopitia Suez zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo ninavyoona, njia ya Toyota ichukuliwe kwa ukali ndani ya kuta za kiwanda, ambako meneja ana mamlaka, na kwa ulegevu nje ya kuta hizo. Kazi iliyorundikana kati ya hatua moja na nyingine ipunguzwe bila huruma, huku kemikali, resini au uzi unaotoka ng'ambo ukiwekewa akiba inayolingana na ucheleweshaji mbaya uliowahi kutokea. Wastani wa safari haufai kuwa kipimo. Akiba ya namna hiyo ni bima, na bima hulipiwa kwa makusudi.

Watu

Njia ya Ford huonekana kama inayotaka watu wa bei rahisi, kwa kuwa kazi ya kila mmoja hufundishika kwa siku moja. Historia yake inasema vingine. Mwaka 1913 wafanyakazi wa Highland Park walikuwa wakiacha kazi kwa kasi iliyoilazimu kampuni kuajiri zaidi ya watu 50,000 ili kudumisha nguvu kazi ya takriban 14,000. Januari 1914 Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu maradufu ya awali. Mkanda unaoenda kwa mwendo mmoja haumvumilii anayekosekana. Kiwanda cha vibarua wa kutwa kinachojiita cha uzalishaji mkubwa hupata ubaya wa Ford bila faida yake.

Toyota hutaka kitu kigumu zaidi ya mshahara. Mfanyakazi anapovuta kamba kuashiria kosa, msimamizi hufika mara moja, na tatizo lisipotatuliwa kwa muda mfupi mstari husimama. Maana yake kibarua ana mamlaka ya kusimamisha fedha za kampuni, na siku ya kwanza anayoyatumia ndiyo siku ya mtihani kwa bosi. Akifokewa, hatavuta tena, na kamba itabaki pambo.

Mfano ninaoupenda katika jambo hili ni wa Fremont, California. General Motors ilifunga kiwanda chake huko mwaka 1982. Kilijulikana kwa utoro, ugomvi na magari mabovu. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale, wakiwa na chama kile kile cha wafanyakazi. Ndani ya muda mfupi ubora wake ukawa miongoni mwa bora katika General Motors. Kilichobadilika kilikuwa uongozi wa uzalishaji. Ajabu ni kwamba General Motors, iliyokuwa ikiangalia kila siku, ilitaabika kwa miaka mingi kuhamishia utaratibu huo katika viwanda vyake vingine, kwa sababu ilikuwa rahisi kunakili kadi na kamba kuliko kunakili namna msimamizi anavyojibu.

Sisi nasi tunalo toleo letu la taabu hiyo. Ethiopia ilianzisha taasisi yake ya kaizen, neno la Kijapani la uboreshaji wa kidogo kidogo usiokoma, mwaka 2011, na Tanzania imekuwa na mafunzo ya kaizen kwa viwanda kwa ushirikiano na Japani tangu miaka ya 2010. Maneno ya Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia yamebandikwa ukutani katika karakana nyingi na hata hospitalini. Nayaunga mkono, kwa kuwa karakana chafu huficha mengi. Ila mstari wa manjano sakafuni na makabati yenye lebo ni maandalizi tu. Kiwanda kinachosasambua kila Ijumaa na bado kinashona mabunda ya mashati 100 hakijaanza njia ya Toyota. Toyota yenyewe ilionja hatari ya kukimbia mbele ya watu wake: Februari 2010, baada ya kuita mamilioni ya magari yarudishwe kukaguliwa, rais wake Akio Toyoda aliliambia Bunge la Marekani kwamba kampuni ilikua kwa kasi iliyozidi uwezo wake wa kuendeleza watu.

Kuchagua

Swali la kuanzia ni kwa nini mteja alikupa oda ya mwisho, na kwa nini alimpa mpinzani ile uliyoikosa. Terry Hill, msomi wa Uingereza wa mikakati ya uzalishaji, alitenganisha mambo yanayokuruhusu kuingia sokoni na yale yanayokushindia oda. Alama ya TBS au ya KEBS kwenye sabuni ni ya kundi la kwanza: bila hiyo duka kubwa halikupokei, lakini hakuna mnunuzi anayekuchagua kwa sababu unayo, kwani washindani nao wanayo. Ukichunguza ankara za mwaka mmoja ukakuta wateja wanaokuacha wanakwenda kwa mwenye bei ya chini kwa shilingi chache, na bidhaa yako haijabadilika kwa miaka mitatu, njia ya Ford inakuita, mradi una hakika ya kuujaza mtambo. Ukikuta wanaondoka kwa sababu ya bidhaa mbovu au mzigo pungufu, kununua mtambo mkubwa zaidi kutaongeza kasi ya kuzalisha malalamiko, na dawa yako iko kwa Toyota. Ukikuta oda zinakwenda kwa yule anayeweza kuleta Ijumaa kilichoombwa Jumatatu, basi unahitaji uwezo wa akiba na malighafi isiyokamilishwa, kwa mtindo wa Zara.

Tatizo linalowapata wengi ni kwamba majibu yote matatu yapo kwenye kitabu kimoja cha oda. Karakana ile ile hushona sare 5,000 za shule kila Desemba na magauni ya harusi 12 kila wiki, kwa vyerehani vile vile na msimamizi yule yule, naye hupimwa kwa gharama ya kila kipande. Bila shaka magauni yatasubiri. Skinner aliandika mwaka 1974 kwamba kiwanda kinachotumwa kazi zinazopingana hushindwa na zote, na suluhisho lake halikuwa lazima jengo la pili: unaweza kugawa jengo moja kuwa viwanda viwili, kila kimoja na watu wake, vipimo vyake na mkubwa wake. Vyerehani sita vya kona moja vipewe magauni na kipimo cha siku za kukamilisha. Vilivyobaki vipewe sare na kipimo cha gharama. Baadhi ya mashine zitapumzika siku fulani, na mhasibu atalalamika. Mwonyeshe thamani ya oda zilizokataliwa mwaka jana kwa kukosa muda.

Kwa kiwanda cha ukubwa niliotaja, kisichokuwa cha saruji wala sukari, mimi ningeanza na upande wa Toyota bila kununua kitu. Chagua mstari mmoja. Kwa wiki mbili mtu mmoja aandike dakika zinazotumika kila mtambo unapobadilishwa, idadi ya vipande vinavyosubiri kati ya hatua moja na nyingine, na idadi ya oda zilizotoka siku iliyoahidiwa. Kisha mpunguze muda wa kubadilisha mtambo hadi nusu kwa kupanga vifaa kabla haujasimama, na mkupuo mkaupunguze kwa kiasi kinachoruhusiwa na muda huo mpya, bila kuongeza jumla ya dakika za kusimama. Mkiupunguza mkupuo kabla ya kuupunguza muda wa kubadilisha, mtambo utasimama mara nyingi zaidi, gharama itapanda, na mwezi unaofuata mhasibu atakuja na karatasi inayothibitisha kwamba mambo ya Kijapani hayafanyi kazi hapa.